Bajeti ya rental zangu ilikuwa na kila kitu, kasoro shemeji mkubwa

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Nyuzi zenu za rental, hizi nyumba za kupangisha, nimezisoma muda mrefu bila kusema neno. Huyu anapiga hesabu ya matofali, yule anauliza anayeanza akope wapi, mwingine anaweka picha ya vyumba vyake vimeshapakwa rangi na watu wanampa hongera. Mimi nasoma huku nimekunja uso. Leo nimeshindwa kunyamaza.

Haya yamenipata mimi mwenyewe, sikusimuliwa na jirani. Majina tu ndiyo nimebadilisha, maana wakwe zangu wako mitandaoni kuliko mimi.

Naandika nikiwa kibandani kwangu, sokoni Busia upande wa Kenya. Nauza mapazia ya mtumba. Mteja akija nitamhudumia kisha nirudi, kwa hiyo nikirukaruka mnivumilie. Kutulia sehemu moja siku hizi siwezi hata hivyo.

Niiteni Nafula. Mume wangu tumwite Egesa, ni fundi wa malori kule Malaba. Kwao ni Buhehe, upande wa Uganda. Sisi watu wa hapa tunavuka mpaka kama unavyotoka jikoni kwenda sebuleni. Mimi nimezaliwa huku, nimeolewa kule.

Sasa, shamba la wakwe lina kipande kinachogusa barabara. Baba mkwe alifariki akakiacha na mihogo tu. Karibu pale kuna shule, kuna zahanati, na Wakenya wengi wanaochuuza mjini wanapenda kulala upande ule kwa sababu kodi ni nafuu. Walimu wanakosa vyumba hadi wanabanana kwa jamaa zao.

Nikaona pesa imelala pale inakoroma.

Nikamwambia Egesa tujenge vyumba sita, singo za chumba kimoja kimoja, mlango na dirisha. Akauliza, "Pesa?" Nikamwambia pesa niachie mimi.

Nilikopa kwenye chama chetu cha akina mama wa sokoni. Riba yake ni ya kibinadamu, na wanakupa miezi mitatu ya kupumua kabla ya kuanza kulipa. Lakini dhamana yao haina mchezo. Niliweka kibanda. Sisemi mapazia, nasema kibanda chenyewe, hii nafasi nilipokaa sasa hivi. Ukikosa marejesho mara mbili mfululizo wanakaa kikao, na kibanda anapewa mwingine. Nimeshuhudia wakimtoa mwenzetu mmoja. Tulilia naye, na bado tulimtoa.

Kibanda hiki ndicho kinasomesha wanangu. Hilo mlishike tunapoendelea.

Bajeti yangu, wakuu, nilikuwa nimekaa nayo wiki nzima. Matofali ya kuchoma, mchanga, mbao, mabati, misumari, milango ya chuma, choo cha shimo cha wapangaji wote, kuvuta umeme. Nikaweka na asilimia kumi ya dharura, kama mnavyotufundisha humu. Mkopo ni wa shilingi za Kenya na vifaa nanunua kwa shilingi za Uganda, kwa hiyo nikamuuliza mbadilisha pesa wa hapa mpakani bei ikipanda itafika wapi, nikaipiga hesabu kwa bei hiyo mbaya. Nilijiona mjanja sana.

Na kwenye mstari wa ardhi niliandika: bure.

Hapo ndipo nilipojichimbia shimo, ila sikujua.

Kitu kingine, ili kuokoa simiti, nikamwambia fundi ajengee kwa udongo. Simiti tukaiweka kwenye msingi tu. Watu wengi vijijini wanajenga hivyo na nyumba zinakaa miaka, mradi paa liwahi na ukuta upigwe plasta. Mradi paa liwahi.

Kuta zilipanda haraka. Nilikuwa navuka kila baada ya kufunga soko, naenda kusimama pale na kuhesabu vyumba kwa kidole kama mtoto. Mama mkwe alikuja mara moja, akazunguka, akagusa ukuta, akaniuliza, "Wandera anajua?"

Wandera ndiye kaka mkubwa wa mume wangu, mtoto wa kwanza wa boma lile. Aliondoka zamani, anaishi Tororo. Kwao hana nyumba, hana hata kibanda cha kuku.

Nikamjibu, "Tutamwambia, Mama." Nikaendelea kuhesabu vyumba vyangu.

Sasa msije mkasema mimi ni mgeni sikujua mila. Nilijua vizuri sana! Mimi ni Mluhya, nimekulia ndani ya haya mambo. Mdogo hatangulii kujenga kabla ya kaka yake. Ndiyo maana mimi na Egesa tangu tuoane tumepanga nyumba Busia. Hatujajenga kwao kwa sababu tunamsubiri Wandera. Miaka yote hiyo tumelipa kodi kwa heshima.

Lakini nikajiambia rental si nyumba. Rental ni biashara, ni kama duka. Mimi sitalala humo, mume wangu hatalala humo. Nikaridhika na jibu langu mwenyewe, na hakuna niliyemuuliza.

Siku ya kupiga paa niliacha kibanda kwa jirani nikavuka asubuhi. Mabati yameshashushwa, yanang'aa. Fundi wetu ni kijana wa palepale, anaitwa Ojambo, mtu mpole, tangu msingi hajawahi kunisumbua. Akaegemeza ngazi ukutani. Akashika nyundo. Halafu akageuka akaniangalia.

"Madam, Wandera iko na nyumba hapa?"

Nikamwambia, "Ojambo, hii ni rental."

"Naona ni rental. Lakini Wandera iko na bati hapa?"

"Hana."

Akaweka nyundo chini taratibu. "Basi mimi hapana panda."

Nilidhani anatafuta nyongeza. Nikamwongeza. Akakataa. Nikapandisha sauti, nikamwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika humu. Ananiangalia tu. Mwishowe akasema, "Madam, hata ukipea mimi hiyo mabati yote. Mimi naishi hapa. Watoto yangu wako hapa. Kesho Wandera akipata shida, watu watasema ni mkono ya nani ilipiga msumari?"

Akachukua ngazi yake akaenda.

Nikasema huyu ni mshamba. Nikarudi Busia, nikatafuta fundi mwingine wa upande wa Kenya, kijana wa mjini, miwani ya jua hadi kwenye kivuli. Nikampa malipo ya awali. Kesho yake akafika Buhehe. Mama mkwe akamkaribisha chai. Wakaongea kidogo. Kijana akamaliza chai yake, akanifuata, akanirudishia pesa yangu yote mkononi.

"Mathe, na mimi niko na bro mkubwa," akasema. Akavaa miwani yake.

Jioni ile nikamwendea mama mkwe, damu inachemka. Nilijikaza niongee kwa adabu. Nikamwambia, "Mama, ile si nyumba ya Egesa. Ni biashara. Watakaa walimu."

Akauliza, "Hao walimu watapika ndani?"

"Watapika."

"Watalala ndani?"

"Watalala, Mama."

"Mlango iko, moto iko, watu nalala. Basi ni nyumba." Akaendelea kuchambua karanga zake. Halafu akasema bila kunitazama, "Mdogo akiezeka mbele ya mkubwa, ni kama anasema mkubwa amekufa. Wewe unataka mimi nizike Wandera na bado anakula ugali?"

Nilitoka pale nimekasirika, na aibu juu ya hasira.

Wakuu, siku zilizofuata sizitamani hata kwa adui. Miezi ya kupumua inaisha. Mawingu yanajikusanya kila mchana. Kuta zangu zimesimama wazi, matofali na udongo, bila kofia. Nilinunua nailoni nikafunika juu, upepo ukaipeperusha, nikafunika tena. Mteja ananiuliza bei ya pazia, mimi naangalia juu angani. Nikila, chakula hakishuki. Nikikaa, nainuka. Nikivuka mpaka walinzi wananiuliza, "Mama, umesahau nini tena?" maana nimepita asubuhi na mchana nimepita tena.

Egesa naye alikuwa katikati, maskini. Akiwa nami anasema nina haki, akifika kwa mama yake anasema mama ana haki. Nilimwambia mpigie kaka yako. Akapiga. Wandera hapokei. Akapiga tena. Hapokei. Siku ya tatu nikasema yatosha, nikapanda gari kwenda Tororo mwenyewe.

Njia nzima najiandaa kwa vita. Nilikuwa nimempanga kichwani: mtu mkaidi, mlevi labda, anayetubania makusudi kwa sababu sisi tunasonga mbele na yeye hasongi.

Nikauliza uliza, nikaonyeshwa. Vyumba kwenye mstari, singo, mlango na dirisha. Choo kimoja cha wote huko nyuma.

Shemeji yangu mkubwa ni mpangaji.

Anauza vyombo vya plastiki, beseni na ndoo, anazunguka nazo kwenye magulio. Leo soko hili, kesho lile. Alikuwa anazipanga kwa ajili ya kesho yake. Aliponiona alishtuka akatafuta shati. Kiti ni kimoja, akanipa. Akamtuma mtoto wa jirani soda. Mimi na vita yangu kichwani nikakaa.

Nikamweleza yote. Akasikiliza, kisha akasema haraka haraka, "Shemeji, jengeni. Mimi nimewapa ruhusa. Mwambie Mama mimi nimesema."

Nikaruka kwa furaha! Nikampigia mama mkwe palepale, nikampa aongee naye. Nikaona uso wa Wandera unashuka. Akanirudishia simu.

"Amesema ruhusa hailali ndani ya nyumba," akaniambia. "Anataka nije niezeke yangu kwanza. Hata chumba kimoja. Nilale ndani."

"Basi njoo shemeji! Hata kesho."

Akaendelea kupanga beseni zake. Watoto wa majirani walikuwa wanacheza nje, wanapiga kelele. Akasema, "Nitaingia kwa Mama mikono mitupu? Mimi ndiyo mkubwa. Kila mwaka nasema mwaka huu nitajenga. Nikishalipa hii kodi hapa, hakuna kitu nabaki nayo. Ndiyo maana simu ya Egesa sipokei. Nitamwambia nini?"

Nikamwambia sisi tutakujengea. Weee! Nilimtukana bila kujua. Alisimama. "Mdogo wangu anijengee nyumba kama mimi mtoto? Shemeji, kunywa soda yako urudi salama."

Hapo nilitaka kulia. Kibanda changu kinaondoka kwa sababu ya aibu ya mtu mmoja. Nilimkasirikia sana, na wakati uleule nilimwelewa vizuri sana, na hiyo ndiyo iliniumiza.

Lakini mimi ni mwanamke wa soko. Mteja akisimama sijui kumwacha aende hivihivi. Nikauliza, "Shemeji, hapa unalipa kodi kila mwezi?"

"Nalipa. Mara nyingine nachelewa."

"Unamlipa nani?"

"Mwenye nyumba."

"Ukimlipa miaka kumi, hiki chumba kitakuwa chako?"

Akaniangalia.

Nikamwambia, "Mimi sikujengei bure, mimi si tajiri. Nina mabati, nina mbao, nina matofali yaliyobaki. Nakukopesha. Toka hapa, hamia kwako Buhehe. Gulio unaweza kuzunguka ukitokea popote. Hiyo kodi unayompa huyu, nipe mimi, mpaka deni liishe. Likiisha, nyumba ni yako, umejijengea. Na ukichelewa nitakuja kukugongea mlango kama huyu anavyokugongea."

Akaingiza beseni moja ndani ya jingine. Halafu akacheka, mara ya kwanza tangu nifike. "Wewe ni mbaya kuliko landlord wangu."

"Mbaya sana," nikamwambia.

Nikarudi kwenye bajeti. Mabati ya kumtosha Wandera, chumba na baraza lake, yalikuwa ni ya vyumba vyangu viwili. Hakuna mahali pengine pa kuyatoa, asilimia kumi ya dharura ilishaliwa na nailoni na safari. Sita ikawa nne. Marejesho ya mkopo yalibaki ya sita. Nilipiga hesabu hiyo mara tatu, lakini vyumba vinne vyenye paa ni bora kuliko sita vya udongo.

Wandera alikuja na begi na beseni zake. Mama mkwe alimpokea barabarani, akamshika mkono mpaka ndani ya boma kama anaogopa atageuka. Ojambo akajenga chumba kimoja haraka haraka, na Wandera mwenyewe akimpokeza matofali. Siku ya paa Egesa naye alikuja, na Wandera akapanda ngazi akapiga msumari wa kwanza. Ukapinda. Tukacheka wote, akapiga mwingine.

Bati la mwisho lilikuwa halijashika vizuri mvua ilipoanza.

Nikamshika Ojambo mkono, "Tafadhali, paa la Wandera si limeshawekwa? Panda kwangu sasa!" Akatikisa kichwa. "Hajalala bado, madam." Hakunionea, alikuwa na huruma usoni, lakini hakupanda.

Mvua ya mchana, ile ya kumwaga. Nailoni nzuri nilikuwa nimeiweka kwenye vyumba vinne, mbovu ikabaki kwenye viwili vile nilivyokwisha kukata tamaa navyo. Upepo ukaja ukaanza kuinua hata ile nzuri. Nimesimama mlangoni kwa Wandera, nimeshika kichwa. Ndipo Wandera akatoka mbio, na Egesa nyuma yake. Ndugu wawili ambao hawakuwa wameongea kwa simu sijui tangu lini, wamepanda juu ya kuta, mmoja huku mmoja kule, wameikalia nailoni yangu kwa makalio na kuibana kwa matofali, mvua inawapiga, wanafokeana. "Vuta! Vuta kwako, wewe!"

Chumba cha mwisho kilianguka. Nilisikia kishindo tumboni kabla ya masikioni. Cha pembeni yake kikalala upande, tukakibomoa baadaye. Vinne vikasimama.

Wandera alilala kwake. Asubuhi nilikuta Ojambo ameshapanda, anapigilia kwangu, wala sikumwita.

Sasa msifikiri hapo ndipo raha ilipoanza. Kwenye bajeti niliandika wapangaji wataingia wote mwezi wa kwanza. Nani alinidanganya? Mwalimu mmoja akaja akaangalia akasema atarudi baada ya mshahara. Muuguzi akasema choo kiko mbali. Mchuuzi mmoja Mkenya akaomba nimpunguzie hadi nikacheka. Vyumba vipya, milango imepakwa rangi, vitupu vyote vinne.

Na tarehe ya pili ya chama ikafika, ya kwanza nilishaikosa.

Nilikuwa nimekusanya nilichoweza. Niliuza mapazia kwa hasara, nikakopa kidogo kwa dada yangu. Bado ilipungua. Si sana, lakini chama hakijui "si sana". Wenzangu wameanza kukusanyika pale nyuma ya mizani ya soko. Nipo hapa kibandani, nakunja pazia lilelile mara kwa mara.

Nikasikia, "Mama mwenye nyumba!"

Wandera. Ndoo zimefungwa nyuma ya baiskeli, ametoka gulio upande ule akavuka. Akatoa pesa za Uganda kwenye mfuko wa shati, noti ndogo ndogo zimekunjwa, nyingine zina unga.

"Kodi," akasema. "Mwezi haujaisha, lakini nilikuwa napita."

Nilizishika nikashindwa kuhesabu. Nikakimbia kwa mbadilisha pesa, nikarudi mpaka kwenye kikao, nikaweka mezani. Ikatosha, na chenji ya chai.

Niliporudi alikuwa bado amesimama kibandani kwangu, anamhudumia mteja wangu, anamwambia pazia la kijani ni zuri kuliko la buluu. Nikamwambia ahsante shemeji. Akasema, "Ahsante ya nini? Landlord wa Tororo alikuwa ananipa risiti."

Sikuwa na risiti. Nilimpa pazia. Dirisha lake halikuwa nalo.

Nimeshaanza kupata wapangaji, wawili hadi leo. Mkopo bado nalipa. Roho bado iko juu juu, nikiona wingu naangalia upande wa Buhehe. Ila naomba wale mnaoanza mnisikie kitu kimoja tu. Wengi mnakuja humu mnasema, "Ardhi ninayo, ni ya familia, kwa hiyo hiyo gharama sina." Ardhi ya familia ina wenyewe. Kaeni na wenyewe kabla hamjakopa, na mkiwaweka kwenye bajeti wawekeni juu kabisa, kabla ya msingi. Mimi niliongea na mbadilisha pesa, niliongea na chama, niliongea na muuza mabati. Mtu mmoja ambaye alikuwa analipa kodi kila mwezi kwa mgeni, nilipita nikamruka.

Leteni yenu, wakuu. Waliopatwa kama mimi waseme walivyotoka, na mnaoniona mjinga semeni pia, nimeshazoea.

Ila wewe unayetaka kuniuliza inbox mabati ya vyumba sita ni kiasi gani, nitakujibu. Kwanza niambie shemeji yako mkubwa analala wapi.